Mbwa chotara wa Poodle: pima wazazi kwanza

Mwaka 1989 huko Australia, Wally Conron, msimamizi wa uzalishaji wa mbwa wanaoongoza wasioona, alimpandisha Labrador na Poodle. Mama mmoja asiyeona wa Hawaii alihitaji mbwa, lakini mumewe alikuwa na mzio wa mbwa. Walizaliwa watoto watatu. Mmoja tu, Sultan, ndiye hakumdhuru mume yule. Baadaye Conron alijutia kazi hiyo, maana wafanyabiashara waliingia wakazalisha ovyo.

Funzo ni kwamba uchotara haufuti maradhi ya kurithi. Labrador na Poodle wote wawili huweza kurithisha ubovu wa nyonga na upofu. Basi kabla ya kuwapandisha, daktari wa mifugo apige picha nyonga za wazazi wote na kuwapima macho. Jike asubiriwe akomae, yaani miaka 2 hivi. Mimba huchukua siku 63 hivi. Watoto wakae na mama yao wiki 8, wapewe dawa ya minyoo na chanjo.

Usimwahidi mnunuzi kuwa manyoya hayatamdhuru. Na mtoto akikosa mwenyewe, abaki kwako: wewe ndiye uliyetaka azaliwe.