Nyumba za bei nafuu Mavoko: Gharama haiishi siku ya kukabidhiwa funguo

MAVOKO, katika Kaunti ya Machakos, ni miongoni mwa maeneo yaliyopanuka kwa kasi kutokana na msongamano wa jiji la Nairobi. Mitaa ya Syokimau, Mlolongo na Athi River imekuwa makao ya wafanyakazi wa viwandani na ya maelfu ya watu wanaosafiri kila siku kwenda jijini.

Mjadala kuhusu makao ya wananchi wa mapato madogo huko umejikita katika bei ya kununua au kodi ya mwezi. Hata hivyo, nyumba iliyonunuliwa kwa bei nafuu yaweza kuwa mzigo ikiwa ilijengwa bila kuzingatia matumizi ya umeme.

Juhudi za kuwajengea wananchi hao si ngeni Mavoko. Katika miaka ya 2000, serikali ya Kenya ilishirikiana na shirika la UN-Habitat na serikali ya Finland katika mpango wa mtaa endelevu, chini ya mradi wa kitaifa wa kuboresha mitaa ya mabanda, KENSUP. Baadaye serikali ilijenga nyumba 462 katika eneo hilo.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 iliweka tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara, huku mwajiri akichangia kiasi sawa na hicho. Nyumba za kijamii zilitengewa wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi, na zile za bei nafuu wanaopata kati ya Sh20,000 na Sh149,000.

Vigezo hivyo hupima mapato. Gharama ya kuishi ndani ya nyumba huamuliwa na mchoro wake.

Mfano ni maji ya kuoga. Mavoko iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huwalazimu wengi kupasha maji. Kifaa cha bafuni cha wati 4,500, kikitumiwa na watu wanne kwa dakika tano kila mmoja, humaliza yuniti 45 kwa mwezi. Balbu tano za LED za wati 10, zikiwaka saa tano kila usiku, hutumia yuniti 7.5 pekee.

Viwango vya umeme vilivyoanza Aprili 2023 viliweka bei ya chini zaidi kwa wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi. Hivyo, kifaa hicho kimoja chatosha kuiondoa familia katika daraja hilo. Mtambo wa kupasha maji kwa jua huondoa sehemu kubwa ya gharama hiyo, lakini ni rahisi zaidi kuuweka wakati mabomba na paa vinapojengwa.

Kuhusu joto, jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Wasanifu hushauri pande ndefu za jengo zielekee kaskazini na kusini, na madirisha yawe pande mbili ili upepo upite. Dari chini ya mabati huzuia joto la mchana. Mambo hayo huongeza gharama ndogo yakipangwa mapema.

Vifaa vya ujenzi navyo vina uzito wake. Matofali ya kufungamana hutengenezwa kwa udongo mwekundu na saruji ya asilimia 5 hadi 10, kisha hushindiliwa kwa mashine. Hayachomwi kwa kuni, na huhitaji saruji kidogo wakati wa kujenga. Udongo mwekundu hupatikana katika vilima vya Machakos. Nyanda za Athi River zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hivyo haufai kwa kazi hiyo na hulazimu msingi kuchimbwa kwa kina.

Kwa mnunuzi, basi, yafaa kuuliza maswali matatu kabla ya kulipa amana: maji yatapashwa vipi, madirisha yanaelekea wapi, na paa limekingwa kwa nini dhidi ya joto. Majibu yake ndiyo yatakayoamua kiasi kitakachobaki mfukoni kila mwisho wa mwezi.