Urekebishaji wa pedali za gitaa

Urekebishaji wa pedali za gitaa ni kazi ya kufungua kifaa cha kukanyaga kwa mguu, kile kinachokaa kati ya gitaa la umeme na amplifaya, na kubadili baadhi ya vipuri vyake ili sauti itoke tofauti na ilivyopangwa kiwandani. Mara nyingi kinachoguswa ni kidogo: kapasita moja, rezista mbili, jozi ya diodi au swichi. Katika miji kama Mbalizi, kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia magharibi mwa Jiji la Mbeya, mwenye uwezo wa kuifanya kazi hii ni fundi redio, yule anayepokea sabufa, mikisa na amplifaya zilizoharibika. Zana zake zinatosha: kifaa cha kulehemu, waya wa risasi, kipima umeme na bisibisi.

Chimbuko

Pedali za mkwaruzo zilizaliwa kwa hitilafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika studio mjini Nashville, Marekani, sehemu moja ya mikisa iliharibika wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins, na gitaa likatoka likikwaruza. Fundi mitambo Glenn Snoddy aliipenda sauti ile akaiunda upya kwa transista. Kampuni ya Gibson iliiuza kuanzia 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Wawa, pedali inayofanya gitaa lisikike kama linatamka irabu, iliingia sokoni mwaka 1967. Baadaye Wajapani wakaja na vifaa vidogo na imara: Boss DS-1 ya mwaka 1978, kisha Tube Screamer ya Ibanez mwishoni mwa muongo huohuo. Hizi, pamoja na nakala zake nyingi za bei nafuu, ni miongoni mwa zinazofunguliwa zaidi na mafundi duniani.

Muziki wa dansi na pedali

Pedali nyingi za mkwaruzo zilisanifiwa kwa ajili ya rock, ambako gitaa moja hujaza nafasi kubwa. Muziki wa dansi wa Tanzania umejengwa kwa namna nyingine. Magitaa ya solo, solo la pili, rithim na besi hupokezana na kufumana, na kila moja lazima lisikike peke yake. Ukiweka mkwaruzo mzito kwenye rithim, solo linazama. Hali ni hiyohiyo katika sebene lililopenya kutoka Kongo hadi kwenye nyimbo za kusifu makanisani: nyuzi za juu zinatakiwa ziwe safi, zenye kung'aa.

Kuna sababu nyingine iliyowafanya wapigaji wetu wasiwe na desturi ya kufungua pedali. Bendi nyingi kubwa zilikuwa za taasisi, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi kabla ya kuhamia Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC). Huku Nyanda za Juu Kusini, Tancut Almasi ya Iringa, bendi ya ndugu pacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, ilikuwa ya kiwanda cha kukata almasi. Mwanamuziki asiyemiliki gitaa analopiga hawezi kuthubutu kung'oa kapasita ya kampuni. Leo mpigaji wa kwaya au wa bendi ndogo mara nyingi hununua pedali yake mwenyewe, hivyo uamuzi ni wake.

Ng'ambo ya mpaka wa Tunduma mambo yalikwenda upande mwingine. Bendi za Zambia za miaka ya 1970 kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family ziliukumbatia mkwaruzo na wawa, na muziki wao ukaitwa Zamrock. Dar es Salaam nako kulikuwa na Sunburst, walioelekea kwenye rock ya Kiafrika na kutoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976.

Kupunguza mkwaruzo

Tube Screamer ni mfano mzuri kwa sababu sakiti yake inajulikana na vipuri vyake ni vya kawaida. Moyo wake ni chipu ya 4558, ambayo imo pia katika sabufa na mikisa nyingi za bei rahisi, hivyo hupatikana kwenye mabaki ya karakana yoyote. Hata kitasa cha mkwaruzo kikirudishwa mwisho kabisa, pedali hii bado hukuza mawimbi ya gitaa takriban mara 12. Kwa rithim ya dansi hiyo ni nyingi mno. Sababu ni rezista ya kiloomu 51 iliyounganishwa na kitasa hicho. Ikibadilishwa na ya kiloomu 10, ukuzaji wa chini kabisa unashuka hadi karibu mara 3. Hilo, kwa maoni ya mwandishi, ndilo rekebisho lenye faida kubwa kuliko yote kwa mpigaji wa Tanzania, na ndilo linalozungumzwa kidogo zaidi.

Diodi nazo zina sauti zao. Zile za silikoni zilizomo hukata kilele cha wimbi kwenye takriban volti 0.6. Ukiweka taa ndogo nyekundu za LED mahali pake, ukataji unasubiri hadi kati ya volti 1.6 na 2. Sauti inakuwa kubwa zaidi na vidole vinasikika vilivyo. Kapasita ya mikrofaradi 0.047 inayopunguza ukuzaji wa sauti nzito chini ya hezi 720 inaweza kubadilishwa na ya 0.1, kikomo kikashuka hadi hezi 340 hivi na nyuzi nene zikapata mwili.

Rekebisho maarufu zaidi, la kuifanya TS9 ya mwaka 1982 iwe kama TS808 iliyoitangulia, linahusu rezista mbili tu za kutolea sauti: ya omu 470 inakuwa 100, na ya kiloomu 100 inakuwa 10. Tofauti inayosikika ni ndogo kuliko sifa zake.

Wawa

Hapa kuna rekebisho lisilogharimu chochote. Ndani ya wawa kuna gia inayozungushwa na mguu. Ukilegeza nati, ukainua kitasa na kukisogeza jino moja au mawili, eneo lote la sauti linahama. Anayetaka zaidi hubadili kapasita ya mikrofaradi 0.01: ukiiongeza maradufu, masafa yanashuka kwa karibu asilimia 30, jambo linalowafaa wapiga besi.

Baridi, joto na umeme

Fazi (fuzz) za zamani, yaani pedali za mkwaruzo za aina ya Fuzz-Tone, zilitumia transista za germaniamu, ambazo huathiriwa sana na joto. Fazi iliyopangwa vizuri katika baridi ya Mbeya ya mwezi Julai inaweza kupoteza mizani ikishushwa kwenye joto la Kyela siku hiyohiyo. Dawa ni kuweka kitasa kidogo cha kurekebishia badala ya rezista isiyobadilika, au kutumia transista za silikoni.

Pedali nyingi za Boss na Ibanez hutaka volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta yenye mpangilio wa kinyume inaweza kuiua pedali, kwa hiyo ipimwe kabla ya kuchomekwa. Pedali ikinasa matangazo ya redio, kapasita ya pikofaradi 100 kati ya mlango wa kuingilia na ardhi ya sakiti mara nyingi humaliza tatizo.

Fundi aandike thamani za awali na kuvihifadhi vipuri vilivyotolewa. Mteja naye aje karakanani na gitaa na amplifaya anayoitumia, na kila kipuri kijaribiwe kwa sikio kabla ya kulehemiwa moja kwa moja.