Kabla ya sola kulikuwa na waya

Mtu yeyote aliyekaa Kakuma anaijua stima ya jirani. Mwenye duka ananunua jenereta, anamwaga dizeli, halafu anavuta waya hadi kwa majirani, na kila mmoja analipa kulingana na taa au televisheni aliyo nayo. Wageni wakiona zile waya zimening'inia juu ya njia wanasema ni fujo. Mimi naona ni historia, na si yetu peke yetu.

Kambi ya Zaatari ilifunguliwa Julai 2012 kaskazini mwa Jordan, karibu kabisa na mpaka wa Syria. Zikawekwa taa za barabarani. Haikuchukua muda, watu waliokimbia na ufundi wao wakaanza kuvuta umeme kutoka kwenye zile nguzo hadi kwenye mahema, kisha hadi madukani. Ilikuwa hatari kweli, waya wazi na watoto wanapita. Lakini kambi ikapata friji, feni na biashara. Bili ikaenda kwa UNHCR, na ikawa kubwa mno, kwa hiyo stima ikawekewa masaa.

Azraq, iliyofunguliwa Aprili 2014, ilikuwa kinyume. Ilipangwa vizuri, mistari imenyooka jangwani, ila hakukuwa na cha kuvuta. Familia zilikaa zaidi ya miaka miwili na vitaa vya sola tu, kwenye joto lile, chakula kinaharibika. Mpango mzuri kwenye karatasi!

Mei 2017 Azraq ikawashiwa mtambo wa sola wa megawati 2, kwa pesa za IKEA Foundation. Wasyria wa kambini walifundishwa na wakafanya kazi ya kuujenga. Mtambo uliunganishwa na gridi ya Jordan, na umeme unaobaki ukawa unaingia huko bure. Novemba mwaka huohuo Zaatari nayo ikapata wake, megawati 12.9, kwa fedha za Ujerumani, na masaa ya stima yakaongezeka.

Hapo ndugu zetu wa mashirika wasimame kidogo. Mkimbizi anayeandikwa kila mara kama mzigo, kambi yake sasa inampa mwenyeji umeme. Hilo ni jambo kubwa. Lakini mtambo si wake, na masaa ya kuwasha yanapangwa ofisini.

Huku kwetu Kalobeyei sola imefika pia, watu wananunua yuniti kwa simu. Mimi naipenda, haina moshi wala kelele. Ila mwenye jenereta, stima ikikatika, unamgongea mlango usiku na unamwambia ukweli wako, kwa sababu anaishi block yenu. Kwenye mtambo wa sola unamgongea nani? Kabla ya paneli nyingine kufungwa, mkutano wa block uulizwe hilo, na wale mafundi wa waya wakae mstari wa mbele.