Sisibo na Kisetla: Kuenea kwa Kiingereza Upande wa Turbo

Makala haya yanakusudia kuchunguza dai linalokubaliwa mno bila kuhojiwa, kwamba walowezi ndio walioeneza Kiingereza katika nyanda za juu za Kenya. Mfano wetu ni Turbo, mji mdogo wa Uasin Gishu ulio kwenye barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Uganda.

Kwanza, yafaa ikumbukwe kwamba walowezi wengi wa mwanzo wa Uasin Gishu hawakuwa Waingereza. Msafara wa Jansen van Rensburg uliofika mwaka 1908 ulikuwa wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kiafrikana. Pili, mlowezi, awe Kaburu au Mwingereza, hakuona haja ya kumfundisha kibarua wake Kiingereza. Aliamrisha kwa Kisetla, yaani Kiswahili kilichonyofolewa viambishi na upatanisho wa kisarufi, kikabakizwa amri tu. Kiingereza kilikuwa ua lililomtenga bwana na mtumishi.

Hata hivyo, ua hilo lilikuwa na matundu. Kabla ya kupewa jina rasmi mwaka 1912, Eldoret ilijulikana kwa nambari ya shamba, 64. Wenyeji waliisikia nambari hiyo kwa Kiingereza, wakaitamka Sisibo. Hilo si kosa la sikio. Kikalenjin hakina sauti /f/. Huipokea kama /p/, nayo /p/ ikiwa baina ya irabu husikika kama [b]. Konsonanti zilizofuatana nazo zikapunguzwa. Basi Sisibo ni Kiingereza kilichotii kanuni za lugha nyingine, miongo mingi kabla Braj Kachru hajaeleza, mwaka 1985, nadharia yake ya duara tatu za Kiingereza duniani.

Kuenea kwenyewe kulikuja baadaye, na kwa sehemu kubwa kwa mikono yetu wenyewe. Mpango wa kufundishia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulianza Nairobi mwaka 1957, serikali ya kikoloni ikiwa bado madarakani. Lakini ni Tume ya Ominde ya mwaka 1964, iliyoundwa na Kenya huru, iliyoupa nguvu ya kitaifa. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo katika madarasa ya mwanzo. Je, lugha ya eneo la Turbo ni ipi, mahali wanapoishi pamoja Wakalenjin, Waluhya na Wakikuyu? Sokoni jibu lilikwisha patikana zamani: ni Kiswahili. Lakini hadi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, mtoto aliweza kumaliza shule ya msingi bila kutahiniwa katika lugha hiyo.

Hapana budi, basi, tuigawe lawama kwa haki. Mlowezi alikiharibu Kiswahili na kukificha Kiingereza. Tume zetu ndizo zilizokifanya Kiingereza mlango wa pekee wa elimu. Katiba ya mwaka 2010 imezifanya lugha zote mbili kuwa rasmi. Wajibu wa idara zetu ni kuyakusanya maneno ya namna ya Sisibo vinywani mwa wazee wangali hai, kwani historia ya lugha ya watu wa Turbo imehifadhiwa humo kuliko katika ripoti za tume.