Lisemwalo Lipo? Habari za Jean Calas wa Toulouse

Wazee wetu husema, "Lisemwalo lipo, ikiwa halipo, li njiani laja." Jioni hii nataka kuwasimulia habari za mtu aliyeuawa kwa sababu mji wake ulifanya uvumi kuwa ushahidi.

Mtu huyo aliitwa Jean Calas, mfanyi biashara ya nguo katika mji wa Toulouse, kusini ya Ufaransa. Yeye na mkewe walikuwa Waprotestanti, na tangu mwaka wa 1685 sheria ya mfalme ilikuwa imekataza ibada yao. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1761, mwanawe mkubwa, Marc-Antoine, alikutwa amekufa chini dukani. Watu wakakusanyika mlangoni. Katika ghasia ile mmoja akapaza sauti kwamba wazazi wamemwua kijana kwa kuwa alitaka kuwa Mkatoliki. Neno hilo likaenea upesi kama moto nyikani.

Jamaa za marehemu walisema kwanza kwamba ameuawa na mtu wasiyemjua. Baadaye wakasema walimkuta amejitia kitanzi. Walificha kwa kuwa zamani zile maiti ya mtu aliyejiua iliburutwa njiani kwa aibu. Uwongo ule ukawa kuni kavu kwa moto uliokwisha washwa. Hapakuwa na shahidi hata mmoja aliyemwona baba akiua. Tena, mzee wa miaka zaidi ya 60 angewezaje kumshinda kijana mwenye nguvu? Hata hivyo alihukumiwa. Tarehe 10 Machi 1762 aliteswa ili akiri, akavunjwa mifupa hadharani, kisha akanyongwa. Hata mwisho alisema kwamba hana hatia.

Habari hizi zilimfikia Voltaire, mwandishi mashuhuri, aliyekaa Ferney, karibu na Geneva. Hakuwa ndugu wa Calas, wala hakuwa wa dhehebu lake. Mwanzo hakujua amsadiki nani, baba au mahakimu. Basi, alifanya nini? Aliuliza. Alimwita Donat, mwana mdogo wa Calas, akamhoji, akaandika barua huku na huku, akayapima majibu. Alipokwisha kuridhika kwamba mzee hakuua, hakunyamaza tena. Mwaka wa 1763 alitoa kitabu juu ya watu wa dini mbalimbali kuvumiliana. Na tarehe 9 Machi 1765 waamuzi huko Paris walitangaza kwamba Calas hakuwa na hatia. Mjane alirudishiwa heshima ya jina lake, mumewe hakurudishwa.

Shuleni twamfundisha mtoto wa elimu ya viumbe atazame kwanza, apime, ndipo aseme. Je, kanuni hii ni ya majani na wadudu tu? Uhai wa jirani hauna thamani kuliko jani?

Mtoto akifa ghafula kijijini, na jina la bibi kizee fulani likaanza kunong'onwa kisimani, mwulizeni anong'onaye maneno matatu: Nani aliyeona? Aliona nini? Wewe umejuaje? Asipoweza kujibu, basi lisemwalo lipo kweli, lakini lipo mdomoni mwake tu.