Historia ya Darasani na Historia ya Umma Mpakani: Busia na Malaba

Historia ifundishwayo shuleni na ile ihifadhiwayo vinywani mwa watu ni mambo mawili yanayohitajiana, ijapokuwa mara nyingi hutenganishwa. Jambo hili hudhihirika Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda.

Darasani, mpaka huo ni tarehe. Mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliofika Naivasha, wakautia katika Himaya ya Afrika Mashariki, hivi kwamba reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ikawa chini ya utawala mmoja. Mwaka 1926 mpaka ukafafanuliwa kwa amri ya Mfalme. Mwanafunzi huyakariri hayo, akajibu mtihani.

Nje ya darasa, mpaka ni ukoo. Waiteso na Wasamia wako pande zote mbili; posa na matanga huwavusha. Wazee husimulia kwa Kiteso na Kisamia habari za kuhama kwa jamaa zao, ambazo hazina mwaka lakini zina majina ya mababu. Masimulizi ya aina hiyo ndiyo aliyoyatumia Gideon Were katika historia yake ya Abaluyia ya mwaka 1967. Kwa hiyo si porojo.

Hatari ya kuzitenga ilionekana Februari 1976, Idi Amin alipodai kuwa sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya Uganda. Uhamisho alioutaja ulitokea kweli. Hitimisho lake ndilo lililokuwa batili. Ajuaye tarehe peke yake hakuwa na la kumjibu. Ajuaye ukoo peke yake aliweza kushawishika kwamba undugu hudai bendera moja. Jibu lilitaka elimu zote mbili: kwamba mgeni aliuchora mpaka pasipo kuwauliza wenyeji, na kwamba dai la Amin nalo halikuwauliza, tena azimio la Cairo la 1964 lilikuwa limekwisha kuitaka Afrika iheshimu mipaka iliyorithiwa.

Yafaa basi mwanafunzi wa Busia ayakusanye masimulizi kwa lugha ya nyumbani, ayafasiri kwa Kiswahili, kisha ayapime kwa hati za serikali, na hati nazo azipime kwa masimulizi. Kiswahili, kisikikacho sokoni pande zote mbili, kinaweza kuifanya kazi hiyo. Pasipo hivyo, shule itamfundisha mtoto kumdharau bibi yake, na mtawala atakayekuja na ramani ya zamani hatapata wa kumhoji.