Kamiriithu: Tamthilia Iliyotungwa na Kijiji

Kamiriithu ni kijiji cha Limuru, Kenya, kilichoanzishwa na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari ili kuwatenga wananchi na wapiganaji wa Mau Mau. Katika miaka ya 1970 wakazi wake wengi walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1976 walianza kusoma ngumbaru katika kituo chao cha elimu na utamaduni, na humo ndimo lilimozaliwa wazo la kutunga tamthilia.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipewa kazi ya kuandika muswada wa kwanza kwa Kikuyu. Tamthilia hiyo, Ngaahika Ndeenda, iliyotafsiriwa baadaye kwa jina la Nitaolewa Nikipenda, inamhusu Kiguunda, kibarua mwenye ekari moja na nusu. Hati ya shamba hilo ameitundika ukutani, na mwishowe ananyang'anywa shamba lenyewe.

Muswada ulipofika kijijini, kila mtu alikuwa na la kusema. Mazoezi yalifanyika hadharani na watazamaji waliyakatiza wakitaka. Wazee walipinga mhusika mzee kuzungumza kama kijana. Wakamtafutia methali zinazolingana na heshima yake. Wafanyakazi walisahihisha habari za kiwandani. Waliowahi kutengeneza bunduki za kienyeji wakati wa vita vya msituni waliwaonyesha waigizaji namna ya kuziunda. Nyimbo na michezo ya ngoma nayo ilitoka kwa wanakijiji.

Hata jukwaa lilikuwa kazi ya mikono yao. Ramani yake waliipanga kwanza chini kwa njiti za kiberiti, kisha wakajenga ukumbi wa wazi wa kuketi watu 2,000.

Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 2 Oktoba 1977, na watu walikodi mabasi na teksi kuja kulitazama. Tarehe 16 Novemba serikali ilifuta kibali cha maonyesho. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa. Alikaa kizuizini hadi Desemba 1978.

Kikundi kilirudi mazoezini na tamthilia nyingine, Maitũ Njugĩra, lakini nayo ilizuiwa, na Machi 1982 polisi waliubomoa ukumbi. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na mwongozaji Kĩmani Gecaũ walikimbilia Zimbabwe, wakaendelea huko na sanaa ya jukwaani pamoja na wananchi.